Maji ya Siku 150

Wachezaji wa Fallout ya kwanza, ile iliyotolewa na kampuni ya Interplay ya Marekani mwaka 1997, hawajapatana mpaka leo kuhusu siku 150. Ndizo siku anazopewa mhusika mkuu atoke Vault 13, handaki ambamo amezaliwa na kukulia, akatafute chipu mpya ya mtambo wa kusafisha maji. Ile ya zamani imekufa. Nje kuna jangwa la California mwaka 2161, miaka 84 baada ya vita vya nyuklia. Siku zikiisha hajarudi na chipu, watu wake wamekufa kwa kiu na gemu imekwisha. Kambi moja ya wachezaji inasema kikomo hiki ni kero: umepewa dunia pana, kisha unakatazwa kuitembea. Kambi ya pili inasema bila kikomo hakuna gemu. Mimi niko na hiyo ya pili, na sababu zangu ni za fani kabla hazijawa za ladha.

Tazama jinsi safari inavyosimuliwa. Unabonyeza mahali kwenye ramani, alama nyekundu zinaanza kujichora kuvuka jangwa, na pembeni ya skrini tarehe inasogea. Hakuna msimulizi anayekuhimiza. Hakuna muziki wa kukutia kiwewe. Ni mstari na tarehe tu, lakini kila unapoamua kwenda mji fulani unajua umelipa kwa maji ya watu wengine. Taharuki, ambayo kwenye riwaya mwandishi huijenga kwa kuficha habari, hapa inajengwa kwa kuionyesha wazi: deni lako unaliona, na wewe ndiye unayeliongeza.

Kisha waandishi wanafanya jambo la kikatili lililopangwa vizuri. Dokezo la kwanza unalopewa ni handaki lingine, Vault 15, upande wa mashariki. Unafika, unakuta magofu. Ili ushuke chini unahitaji kamba. Kama hukujiandaa unarudi kijijini Shady Sands kuitafuta, na tarehe inasogea tena. Unashuka, na chumba cha mitambo ulichokifuata kimefukiwa na mawe. Chipu haipo. Msomaji wa riwaya angeiita sura hii mzunguko usio na faida. Kwa mchezaji, ndiyo sura inayomfundisha kwamba dunia hii haikupangwa kwa ajili ya kumfurahisha, na kwamba siku zinaweza kuteketea bure. Bila kikomo, Vault 15 ingekuwa pango lenye panya na basi.

Lipo pia jambo la hisia. Kabla ya kutoka, gemu haikukutanishi na watu wa handaki lako. Humjui mama wa fulani wala mtoto wa fulani. Unamwona Msimamizi anayekutuma, basi. Mwandishi wa kawaida angeanza kwa kutufanya tuwapende watu hao ili tuwahurumie. Tim Cain na wenzake walioiunda gemu walichagua njia nyingine. Hatujui majina yao, lakini tunazihesabu siku zao, na kuhesabu huko kunafanya kazi ya mapenzi. Ndiyo maana mwisho wa gemu, Msimamizi anapokukataza kuingia tena kwa hofu kwamba utawashawishi vijana watoke, pigo linauma kuliko linavyostahili kwa watu ambao hukuwahi kukaa nao.

Hoja yangu kubwa iko Hub, mji wa biashara. Pale kuna wafanyabiashara wa maji. Ukiwalipa, kwa vizibo vya chupa ambavyo ndivyo fedha ya jangwani, wanapeleka msafara wa maji Vault 13, na unaongezewa siku 100. Inaonekana ni huruma kwa mchezaji aliyechelewa. Lakini toleo la awali lilikuwa na saa ya pili, ya siku 500, ambayo ikifika majitu ya jeshi la Master, adui mkuu wa gemu, yanaligundua handaki lako na kulivamia. Ukituma msafara, siku hizo 500 zinakuwa 400, kwa sababu misafara inaacha njia na njia inafuatwa. Soma mapatano hayo taratibu: unanunua uhai wa watu wako kwa kuuza siri ya mahali walipo. Dhamira yote ya kazi hii, yaani handaki lililosalimika kwa kujificha na ambalo haliwezi kuendelea kuishi kwa kujificha, imebanwa ndani ya hesabu moja ya kujumlisha na kutoa. Sijui riwaya nyingi za maangamizi zilizosema hivyo kwa ufupi namna hiyo.

Wachezaji walilalamika, na sasisho lililofuata likaiondoa saa ya pili kwa vitendo, kwa kuisogeza hadi miaka 13. Nawaelewa waliolalamika. Umehangaika, umeipeleka chipu nyumbani, halafu unaambiwa kuna kikomo kingine. Hata hivyo sasisho hilo liliharibu kitu. Msafara wa maji sasa hauna gharama ila vizibo. Mapatano yamebaki, meno yake yameng'olewa, na anayecheza leo anapita Hub bila kujua kwamba pale palikuwa na swali zito kuliko yote ya gemu.

Ugumu mwingine wa Fallout uko kwenye kumuumba mhusika. Una sifa saba, kuanzia nguvu hadi bahati, kila moja kati ya 1 na 10, na pointi chache za kugawa. Ukipunguza akili mpaka 3 ili uongeze misuli, mhusika wako hataweza kuzungumza ila kuguna, na watu wengi wa jangwani hawatakupa kazi wala siri. Gemu haikuambii umekosa nini. Majibu ambayo akili yako haiyafikii hayaonekani kabisa kwenye orodha. Ukimya ndio mtindo wake. Linganisha na Fallout 3 ya mwaka 2008, iliyotengenezwa na Bethesda, ambapo jibu la ushawishi linaandikwa na asilimia ya kufaulu kando yake. Pale unacheza kamari ukiwa umeonyeshwa karata. Huku unaishi na mipaka yako bila kuiona, kama mtu yeyote.

Na mipaka hiyo inazaa matunda mwishoni. Master, kiumbe anayezungumza kwa sauti zilizochanganyika, anaweza kushindwa bila risasi: unampelekea uthibitisho kwamba majitu aliyoyaumba hayawezi kuzaa, na akili na ulimi wako vikitosha, anaona mwenyewe kwamba mpango wake wa kuijaza dunia majitu hayo umekufa, na anajiangamiza. Mchezaji aliyechagua misuli hatajua kamwe kwamba mlango huo ulikuwapo.

Si kila ugumu wake una maana, na mashabiki wanaotetea kila kitu wanaikosea heshima. Mwenzako Ian husimama mlangoni na huna njia ya kumsukuma apishe. Akipewa bunduki ya mfululizo hukupiga wewe mgongoni. Kuna stadi 18, zote zikionyeshwa kama zina uzito sawa, na hazina: anayechagua silaha ndogo na ufasaha anapita, anayechagua kamari na kurusha vitu anajuta. Mfumo huo uliundwa haraka, baada ya makubaliano na kampuni ya Steve Jackson Games ya kutumia GURPS, kanuni zake za michezo ya kuigiza, kuvunjika, na pengo linaonekana. Hizo ni kasoro za ufundi. Mchezaji akizilalamikia ana haki yote.

Ila saa si kasoro. Ukitaka kuicheza, acha kuhifadhi kila baada ya hatua mbili ili urudie kila risasi iliyokwenda kombo. Asilimia zinazoonyeshwa unapolenga jicho au mguu wa adui hazina maana kwa mtu asiyeweza kupoteza. Usisome mwongozo wa njia. Na ukifika Hub, kabla hujawalipa wale wa maji, kumbuka msafara ule ulimaanisha nini mwaka 1997, kisha uamue.