Theluji ya Krismasi na Mito ya Ukambani: Suala la Mazingira katika Uhakiki

Mwanafunzi wa Kitui au Makueni asomaye hadithi za Krismasi zitokazo Uingereza hukutana na theluji kabla hajawajua wahusika. Neno lenyewe halimshindi. Ni neno kongwe katika Kiswahili, lenye asili ya Kiarabu, naye amelisikia katika Biblia. Limshindalo ni kutambua kazi ya theluji hiyo katika hadithi. Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza kazi hiyo, na kuuliza ni kitu gani kiitendacho katika maisha ya jamaa wa Ukambani mwezi wa Desemba.

Tuanze na A Christmas Carol ya Charles Dickens, iliyotolewa mwaka 1843. Mara nyingi darasani theluji yake hutajwa kuwa pambo la mandhari tu. Huko ni kuikosea kazi hiyo. Bob Cratchit, karani wa Scrooge, hana koti la baridi. Ana skafu tu. Ofisini, makaa yamo chini ya ulinzi wa tajiri wake. Baridi basi ndiyo impambanuayo mwenye makaa na asiye nayo, na ndiyo iupayo uzito moto wa nyumbani kwa akina Cratchit na bata bukini wao mmoja. Hapo fani na maudhui havitengani. Mwandishi wa makala haya alilielewa jambo hili alipokuwa masomoni Uingereza. Theluji ilianguka siku mbili mfululizo, jamaa wenye nyumba wakafunga mlango, na mtoto wao aliyekuwa safarini hakufika.

Ukambani, theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Tarehe 3 Desemba 1849, Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, akaandika habari za weupe wake. Baadhi ya wanajiografia wa London hawakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kwa Wakamba, mlima huo ulikuwa jambo la kawaida siku ya kweupe. Lakini theluji yake haikumfungia mtu njia ya kurudi kwao.

Kifungacho njia ni mto. Mvua za vuli, ambazo wakulima wa huko huzitegemea kuliko za masika, hunyesha tangu Oktoba hadi Desemba, wakati ule ule wafanyao kazi Nairobi na Mombasa wanaporudi nyumbani. Mito kama Thwake, Kaiti, Tiva na Enziu, ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, hufurika kwa muda mfupi. Baba husimama ng'ambo hii na mizigo ya sikukuu, mama na watoto ng'ambo ile. Waonana, wala hakuna awezaye kuvuka. Palipo na daraja hupitwa. Palipo na kivuko tu, hungojwa. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30.

Je, mfasiri aigeuze theluji kuwa mvua? La. Theluji huilaza ardhi, mvua huiamsha. Maji yale yale yamzuiayo baba ndiyo yanenepeshayo ndengu na kunde shambani. Mama atamani mvua ikome ili mumewe avuke. Lakini ikikoma mapema, watoto watakula nini mwezi wa Machi? Mgogoro huo haumo katika Dickens, wala hauwezi kuazimwa kwake. Mfasiri na aiache theluji iwe theluji, ila aonyeshe yamfanyia nini maskini. Mgogoro wa mto ni wa mwandishi wetu mwenyewe kuuandika.

Lawama kubwa yatufikia sisi walimu. Mwanafunzi aletapo insha ya Krismasi yenye theluji juu ya paa la mabati, twamsahihishia tahajia, wala hatumwulizi kwao mto uko upande gani. Ni matumaini yetu kwamba waandishi wachanga wa Kitui na Makueni wataanza na swali hilo.