Mateso Bila Msimulizi

Wandugu, kila Ijumaa Kuu tunaimba Mateso ya Bwana wetu watu watatu: mmoja anashika maneno ya Kristu, mwingine maneno ya watu, na wa tatu anasimulia. Tufikiri siku moja huyu wa tatu hakuja. Tutasikia Petro akikana, lakini hatutajua alisimama kwa moto wa nani. Tutasikia kilio, lakini hatutajua nani amekufa wala nani alimwua.

Jambo hilo lilifanyika kwa kusudi mwaka 2008 huko Bochum, Ujeremani, katika mchezo wa kuimba unaoitwa Pitié!, ndio kusema Huruma! Mpangaji wake ni Alain Platel wa Gent, na muziki ni wa Fabrizio Cassol, Mbelgiji naye. Cassol alishika Mateso kwa Matayo yaliyotungwa na Bach, akayavunja, akayajenga tena kwa saksofoni, akordeoni na vyombo vingine. Maneno ya Kristu alipewa kijana wa kwetu, Serge Kakudji wa Lubumbashi, mwenye sauti ya juu kama ya mwanamke, pamoja na mwimbaji mmoja mwanamke. Kisha Cassol akaongeza Mama wa Yezu, na Mwinjili akamwondoa.

Mimi sikuwa Bochum, na sihukumu nani aliimba vizuri ao vibaya. Nahukumu namna mchezo ulivyopangwa.

Kumweka Maria ni jambo jema. Matayo hamtaji Mama wa Yezu chini ya msalaba. Ni Yoane anayemtaja, na Bach alifuata Matayo. Cassol alisikia kwamba katika muziki mkubwa vile mtu mmoja amekosekana. Na miili ya wachezaji wa Platel, inayotetemeka, inayoanguka na kuinuliwa na wengine, mama zetu wa Fizi hawataomba kuelezwa maana yake. Wameona hayo kwenye matanga, na hakuna aliyewafundisha. Kuna wakristu watakaosema ni haya kucheza hivi mbele ya Mateso. Mimi sisemi hivyo. Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemcheka ni Mikali.

Lakini kumtoa Mwinjili! Hapo nakataa.

Wataalamu wanahesabu kwamba Mateso hayo yaliimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya 1727, katika kanisa la Mtakatifu Toma, mji wa Leipzig, na kati ya sehemu mbili mchungaji alihubiri. Mwaka 1829 Mendelssohn aliyatoa kanisani, akayaimbisha katika jumba la waimbaji la Berlin. Mahubiri yalibaki nyuma. Mwinjili alitoka pamoja na muziki. Basi, si mara ya kwanza Mateso kutoka nje ya kanisa, na kutoka si kosa. Kosa ni kumwacha shahidi mlangoni.

Tuangalie mahali penyewe. Jumba lile la chuma, Jahrhunderthalle, lilijengwa kwa maonyesho ya Düsseldorf ya 1902 na kompani ya Bochumer Verein, kisha likahamishwa Bochum, wakaweka ndani mashini za kutoa nguvu kwa matanuru. Kompani ile iliyeyusha chuma na kusubu kengele za makanisa. Ilifanya silaha vile vile. Mwaka 1944 na 1945 ilitumikisha wafungwa wa kambi ya Buchenwald, wengi wao Wayahudi. Tangu 2003 jumba limetengenezwa kwa muziki na michezo.

Mtu atanijibu: kila mtu wa Ulaya anajua habari ya msalaba, msimulizi wa nini? Labda. Lakini habari ya wafungwa wale, wote wanaijua? Mahali kama pale panaomba mtu wa kusema: ilikuwa mwaka fulani, walikuja hawa, wakafanyiwa hivi. Kilio hakiwezi kusema hivyo. Tena mchezo ulikwenda baadaye katika nyumba nyingine nyingi za michezo bila kukosa kitu. Jumba lilikuwa koti tu, wakalivua.

Kwetu huku hatuna majumba ya chuma, lakini mahali tunapo. Kuna Kibanga, karibu na Ubwari, ambapo Mapadri Weupe walianza misioni mwaka 1883. Na kuna Baraka. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Vittorio Faccin alipigwa risasi pale misioni. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiungamisha, alitoka, akapiga magoti karibu na ndugu yake, akauawa. Siku ile ile waliuawa Fizi Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024.

Mtu akitaka siku moja kuimbisha Mateso mbele ya kanisa la Baraka, na ngoma zetu na machozi yetu, nitakwenda. Tangu 1996 watu wa pale wamezika wengine wengi ambao hakuna aliyewatangaza, na mama watakaa katika safu ya mbele. Wakiimbiwa kilio tu, watarudi nyumbani na kilio walichokuja nacho. Ningeweka katekista mzee karibu na mlango, bila mavazi ya mchezo, asome kwa Kibembe tarehe na majina, polepole, na waimbaji wamngoje amalize.