Suhaili: Mashua Iliyotengenezeka Katikati ya Bahari

Wanaomsifu Robin Knox-Johnston huanza na hesabu: siku 312 baharini, kutoka Falmouth Juni 14, 1968 na kurudi Falmouth Aprili 22, 1969, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa matanga peke yake bila kusimama. Wanaombeza husema alishinda mashindano hayo kwa kuwa washindani wenzake wanane hawakufika. Wote wanaliruka swali la fundi: mashua ya mita kumi hivi, nzito, inayokwenda kilomita saba na ushei kwa saa, ilifikaje?

Suhaili ilijengwa Bombay kwa mbao za msaji, mafundi wakitumia tezo na keekee, zana zilezile za waunda majahazi wa Lamu. Ilipotoka huko mwaka 1965 ilipitia Muscat, ikateremka na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, ndipo ikaenda Uingereza. Kilichoundwa kwa mkono mtu mmoja anaweza kukirekebisha kwa mkono, na hilo ndilo lililoamua kila kitu.

Katika Atlantiki maji yalianza kuingia kwenye maungio ya mbao karibu na mkuku, pande zote mbili, ufa wa zaidi ya mita mbili kila upande. Akapiga mbizi na nyundo, bisibisi na pamba. Pamba ikakataa kukaa: kabla hajaishindilia, pumzi zinamwishia. Akapanda juu, akaishona pamba kwenye ukanda wa turubai, akaupaka lami, akauchomeka misumari ya shaba mapema, kisha akashuka kuugongelea. Juu yake akapigilia bamba jembamba la shaba. Papa alipoanza kumzunguka, alipanda, akampiga risasi, akasubiri kidogo, akarudi kazini.

Fundi wa mitumbwi ya mbao katika Ziwa Nakivale, Uganda, awe mkimbizi Mkongo au Mrundi, hana haja ya kueleweshwa kalafati, huko kuziba maungio ya mbao. Ila yeye huifanya nchi kavu, mtumbwi umepinduliwa.

Baadaye chombo cha kujiongozea kilivunjika. Akawa anapanga matanga hadi mashua ishike njia yenyewe, apate kulala. Redio nayo ikafa, na kwa zaidi ya miezi minne dunia haikujua kama yu hai. Alipokosa kipimo cha mwanya wa cheche za jenereta, alihesabu kurasa za kitabu zinazojaza inchi moja, akapata 200, akatumia kurasa hizo kupimia. Kwangu mimi hapo ndipo aliposhinda.

Umma unamkumbuka zaidi kwa pauni 5,000 za zawadi alizoipa familia ya Donald Crowhurst, mshindani mwenzake aliyepotelea baharini. Ulikuwa ukarimu wa kweli, lakini umefunika ufundi. Crowhurst aliondoka Oktoba 31, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, na chombo kisichokamilika. Kikavuja, naye akabaki akizurura Atlantiki huku akituma taarifa za uongo kuhusu mwendo wake. Mshindani mwingine, Nigel Tetley, akiamini Crowhurst anamfukuza, alikikimbiza chombo chake kilichokwisha kuchoka mpaka kikapasuka Mei 1969. Aliokolewa akiwa hai. Alikuwa amebakiza kama kilomita 2,000 tu.