Kibanio cha Kelly

Ini halikatwi kama nyama nyingine. Kila dakika hupitiwa na karibu lita moja na nusu ya damu, na mishipa na mirija ya nyongo imesukana ndani yake kila upande. Kisu kikali, kile ambacho wengi wetu tunadhani ndicho uhai wa mpasuaji, hapa ni balaa. Hakibagui. Kinapita kwenye nyama na mshipa kwa pamoja, na mshipa uliokatwa hivyo hurudi nyuma, ukajificha ndani ya nyama huku ukimwaga.

Kwa hiyo kuna wakati kisu kiliwekwa pembeni, vidole vikafanya kazi. Mwaka 1958 Lin Tien-Yu wa Taiwan alieleza namna ya kuliminya ini kwa vidole. Njia hiyohiyo aliishika Tôn Thất Tùng wa Hanoi, ambaye ujanani alichambua maini ya maiti wapatao 200 ili ajue mishipa inapita wapi.

Vidole vikapokewa na kibanio chembamba cha chuma kiitwacho Kelly, kwa jina la Howard Kelly wa Baltimore, daktari wa maradhi ya wanawake. Mpasuaji hukiingiza ncha tu, kisha hukifumba taratibu. Nyama inasagika, mishipa, ambayo ni migumu zaidi, inabaki wazi kama nyuzi za embe lililominywa. Ile myembamba huchomwa kwa umeme. Mikubwa hufungwa uzi pande mbili, ndipo ikakatwa katikati. Kisha hatua nyingine, milimita chache mbele. Mkono uliozoea huujua mshipa kabla jicho halijauona: kibanio kinagoma, na mwenye mkono analegeza. Ustadi wenyewe, kwa maoni yangu, uko katika kule kulegeza.

Zimekuja mashine. Ipo inayotikisika takriban mara 23,000 kwa sekunde, ikivunja seli za ini na kuzinyonya huku ikiiacha mishipa. Ipo ya maji yarushwayo kwa kasi, na ipo inayoziba kwa joto la umeme. Mwaka 2005 madaktari wa Zurich walitoa matokeo ya kuzipima tatu za namna hiyo pamoja na kibanio, kwa wagonjwa 100, kila chombo 25. Kibanio kilimaliza mapema zaidi, kikapoteza damu kidogo zaidi, na gharama yake ikawa ndogo kuliko zote.

Ila tusishangilie upesi. Kibanio kilitumika huku bomba la damu iingiayo ini limebanwa, mbinu ya James Hogarth Pringle wa Glasgow ya mwaka 1908. Mashine hazikupewa msaada huo. Tena maini yale hayakuwa yamekakamaa. Kwetu Afrika Mashariki saratani ya ini, ambayo ni sababu mojawapo ya kulikata, mara nyingi hutanguliwa na homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya mahindi na karanga huzidisha hatari ya saratani hiyo. Wengi hufika hospitali wakati wa kupasuliwa umekwisha kupita. Anayewahi huenda akawa na ini lenye makovu, gumu, ambalo likibanwa halisagiki vizuri na mshipa huweza kuchanika pamoja na nyama. Hapo mpasuaji huenda mwendo wa polepole zaidi. Na pale anapofanya kazi kwa kamera kupitia matundu madogo ya tumbo, ambako kufunga uzi ni shida, mimi mwenyewe ningeomba mojawapo ya mashine zile, bei yake iwe iwavyo.