Moto ulio chini ya michopo

Kila mara mtu akiandika juu ya usiku wa Kamalondo na Kenya hapa kwetu Lubumbashi, anaandika vitu vitatu tu: muziki, pombe na makelele. Mwenye kupenda anasema ambiansi iko. Mwenye kuchukia anasema hapana njia ya kulala. Mimi nimeshasema vyote viwili, inategemea kama niko mezani ao niko kitandani. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijaona mtu akikipima, nacho ni sahani yenyewe. Leo nataka tuhukumu mtaa wetu kwa chakula chake, na kwa moto uliokipika.

Tuanze na michopo, ju njo mfalme. Siku ya posho jioni, mechi ikiisha ku uwanja wa TP Mazembe, njia za Kamalondo zinajaa moshi wa mbuzi. Chakula chenyewe ni rahisi: nyama, chumvi, kitunguu, pilipili, makala. Mukataji anakata juu ya ubao, anakufungia mu karatasi, unakula umesimama. Nimekula michopo ya pembeni ya njia na nimekula ya ku terasi zenye taa za rangi, na hukumu yangu haina wasiwasi: ya njia inashinda. Si ju ya mapenzi ya umaskini. Pembeni ya njia nyama haikai, watu wanaipokonya ikitoka motoni. Mafuta yanadondoka juu ya makala, moshi unapanda na kurudi mu nyama, na utamu unatoka hapo. Ku terasi mara nyingi inachomwa mapema, inangoja, kisha inapashwa moto na kufunikwa na unga wa mchuzi wa paketi ili usisikie kwamba imezeeka. Tena ku terasi muziki unapigwa kwa nguvu mpaka muko wanne mezani na kila mtu anaangalia simu yake. Tunalipa feza mingi ili tusisikilizane.

Tupite ku munkoyo. Hapa njo ninapotoa pointi za juu kuliko zote. Munkoyo ni uji wa mahindi uliotiwa mizizi ya mmea wa pori. Wengi wanafikiri mizizi ile ni ya kuleta harufu tu. Hapana. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari, njo maana uji mzito unalainika na kuwa kinywaji bila mtu kutia sukari. Bakteria za maziwa zinamalizia kazi kwa kuleta ule ukali mdogo. Bibi zetu walifanya bila maabara kazi ile sisi tulifundishwa ku Kasapa kwa picha za ubaoni. Munkoyo mzuri unakuwa mwepesi, mchachu kidogo, na unaacha harufu ya udongo nyuma ya ulimi. Ule wa chupa za plastiki unaouzwa sasa mbele ya terasi, wenye sukari mpaka meno yanauma, mimi ninauita juisi. Kama sukari inatiwa kwa kijiko, mizizi iko na kazi gani tena?

Kikanda ni habari nyingine. Unaikata kama soseji, ingawa hakuna nyama hata kidogo. Ni viazi vya okidi za pori vilivyotwangwa, karanga, pilipili, na majivu ao soda ya kushikanisha. Ikipikwa vizuri ni laini, nzito, inashibisha kuliko mushikaki. Ninaipenda. Lakini jua unachokula: okidi ile inachimbwa mu mabonde yenye maji, na ukitoa kiazi umeua mmea wote. Hakuna shamba lake. Jirani zetu wa Zambia wanakula chakula hiki hiki, na mabonde yao yalipoanza kuisha wafanyabiashara walienda kutafuta viazi mpaka kusini ya Tanzania, ku Kitulo. Kule serikali ilifanya uwanda ule kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na okidi zilikuwa moja ya sababu. Kwa hiyo mtu akikuambia kikanda haitaisha kamwe ju pori ni kubwa, umwambie pori la wengine lilikuwa kubwa vilevile.

Sasa nifike ku kitu kilichonifanya niandike. Si zamani nilialikwa ku jioni moja ya utamaduni mu mtaa, jina lake ninaliacha. Ilipangwa vizuri. Walileta vijana wa karindula, ile banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, na kwa saa moja nzima nilifurahi kabisa: hakuna spika za kupasua masikio, watu wanacheza, wazee wanajibu nyimbo. Kisha mukubwa mmoja akasimama kutoa maneno. Tusipoteze chakula cha babu zetu, tusipoteze pori letu. Tukapiga makofi. Nyuma yake meza ilijaa finkubala zilizokaushwa na kukaangwa na nyanya, bowa, sombe, bukari. Finkubala zilikuwa nzuri, zinavunjika mu meno, chumvi kiasi. Bei ilikuwa ya wageni, lakini sawa.

Nikaenda nyuma kuomba pilipili. Nikakuta mbabula zinawaka zimepangwa mustari, na magunia ya makala yameegemea ukuta. Nikasalimia mama aliyekuwa anapepea moto.

"Mama, makala hii inatokaka wapi?"

"Ku njia ya Kasenga, mwanangu. Zamani ilikuwa hapa karibu. Sasa batu ya makinga banalala mu njia."

"Na finkubala?"

"Ile nayo inatoka mbali. Miti yake balikata. Beko nachoma makala."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayekuambia bei ya chumvi. Mimi nikasimama pale na kisahani mkononi. Ju mama katika maneno matatu alikuwa amenipa somo lile mimi mwenye lisansi ya agronomia sikulitoa kwa mtu hata mmoja. Finkubala nyingi tunazokula zinaishi juu ya majani ya miti ya miombo, kama mutondo na ndugu zake. Bowa nyingi za msimu wa mvua zinaota ju mizizi ya miti hiyo hiyo inazilisha. Na makala tunayopenda, nzito, isiyoisha haraka, inatoka ku miti hiyo hiyo. Mu tanuru la udongo, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kama kilo 10 mpaka 20 za makala, mengine yanakwenda na moshi. Kwa hiyo pale nyuma ya pazia, mti wa finkubala ulikuwa unawaka ili ukaange finkubala. Na mbele ya pazia tulikuwa tunapiga makofi kwa ajili ya pori.

Najua mtu atasema: kwa hiyo mama aache kupika? Hapana, na hapa sitaki mtu anisome vibaya. Mama anapepea mbabula kwa sababu umeme hauko wa kutegemea, na biashara yake haiwezi kungoja. Tangu mwaka 1982 kuna nyaya zinazoleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi, kilomita kama 1700, na zilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi. Mji ulijengwa ju ya shaba, na mji ule ule unapika kwa kuni. Hilo si kosa la mwenye kuuza michopo. Na yule wa kinga anayesukuma magunia, mara nyingi ni mulimaji ambaye mahindi yake hayakumlipa. Mwaka 2024 ukame ulipopiga Zambia, sisi wote tuliona unga wa bukari ulivyopanda bei, ju unga mwingi unapitia Kasumbalesa. Kijiji kinatuletea makala kwa sababu hatukununua mahindi yake. Sahani moja, na hadithi yote iko ndani.

Wanaonisumbua ni sisi. Sisi njo tunaojaza jioni hizi, tunapiga picha ya finkubala na kuandika "mizizi yetu", kisha tunarudi nyumbani. Mimi nimekula kikanda miaka yote ya masomo, na sikuuliza hata siku moja inalimwa ao inachimbwa. Jioni ya utamaduni inayolinda jina la chakula na kuacha chakula chenyewe kiishe, mimi ninaipa pointi za chini, hata kama karindula ilipigwa vizuri namna gani.

Na mambo ya kufanya yako, wala hayataki mradi mkubwa wa wageni. Miti ya miombo inachipuka tena ku kisiki, kama hakuna anayelima juu yake na kama moto wa mwisho wa kiangazi haupiti pale. Kuchoma majani mapema, yakiwa bado na unyevu, kunaharibu kidogo. Kule Mampu, upande wa Kinshasa, mu uwanda wa Bateke, kuna kama hekta 8000 za akasia zilizopandwa kwa ajili ya makala, na walimaji wanapanda muhogo na mahindi kati ya miti. Mbabula yenye ukuta wa udongo inakula makala kidogo kuliko ya bati tupu. Wapangaji wa jioni zetu wanaweza kununua makala ya miti iliyopandwa na kuandika hivyo ku mlango, kama wanavyoandika jina la mwanamuziki. Na sisi watu wa agronomia, ambao wengi tuko nyumbani tunangoja kazi, kutafuta namna ya kupanda okidi ya kikanda mu bustani ni kazi ya kutosha.

Kwa hiyo hukumu yangu ya mtaa iko hivi. Munkoyo bila sukari: nenda leo. Michopo ya njia: nenda, ukae karibu na moto. Kikanda: kula kidogo, na uulize. Terasi za taa: kama unataka kuonekana tu. Jioni za utamaduni: nenda kwa karindula, lakini usibaki mbele ya pazia. Pita nyuma, salimia mama, umuulize makala inatoka wapi. Mimi siku ya posho ijayo ninarudi, na safari hii nitabeba daftari.