Utenzi wa Mwana Kupona na Binti Zetu

Wasomaji wetu wengi waujua utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, ama kwa kuusoma, ama kwa kusikia ukitajwa. Mara nyingi waalimu huutoa kuwa sheria ya mwanamke mwema: anyamaze, atii, asitoke pasipo ruhusa. Binti akisha kuusikia hivyo hufunga kinywa darasani, na mvulana aketiye karibu naye hudhani ya kuwa hekima ni mali ya wanaume. Twaona ya kuwa kuusoma hivyo ni kumdhulumu binti, tena ni kumdhulumu na Mwana Kupona mwenyewe.

Kwanza na tuangalie jinsi utenzi ulivyotungwa. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mumewe alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane huyu, hali ni mgonjwa, alitunga beti 102 za kumwusia binti yake, Mwana Hashima. Naye akafariki baadaye. Basi mwanzoni mwa wosia wake amwita binti karibu, amwambia atwae wino na karatasi. Hakumwambia alete kinu na mchi. Kwa mama huyu, binti kushika kalamu halikuwa jambo la kustaajabisha.

Hatusemi ya kuwa utenzi hauna maneno mazito. Yamo. Asema ya kuwa siku ya ufufuo mume ataulizwa habari za mkewe: akipenda aende peponi, ataenda, akisema aende motoni, hana budi atatiwa. Hapo hatuwezi kukubaliana naye. Mwanadamu hatiwi mkononi mwa mwanadamu mwenziwe hata mbele ya Muumba wake. Kila nafsi itajibu kwa matendo yake yenyewe. Mwalimu akizipita beti hizi kimya, wanafunzi watadhani amezikubali.

Lakini hayo siyo yote. Asema pia ya kuwa mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema, na mke aangalie sana kitu kitokacho na kiingiacho nyumbani. Haya wasomaji, tufikiri: katika maneno hayo mlezi ni nani, na mlelewa ni nani? Hesabu ya nyumba nzima imewekwa mikononi mwa mke. Wale wasemao ya kuwa wasichana hawana akili ya hesabu wasitafute ushahidi kwa Mwana Kupona, kwa maana hawataupata.

Tena tukumbuke ya kuwa wosia huu ulikuwa wa binti wa nyumba kubwa. Mama amwonya asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Je, binti wa kijijini, alimaye, atekaye maji na kuuza mboga sokoni, atapimwa kwa kipimo cha bibi wa Siu wa zamani zile? Nguo iliyokatwa kwa kimo cha mmoja haiwaenei wote.

Karibu na mwisho mtungaji amwacha binti yake kidogo, awageukia wanawake wote, akiwafananisha na machipukizi ya ngano, na kuwaambia wasome. Ni kweli aongeza wawatii waume zao. Walakini mtu aliyeambiwa asome amepewa pia uwezo wa kupima alichokisoma, na uwezo huo haurudishwi tena.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Utenzi huu usiondolewe shuleni, maana ni wachache watungaji wa lugha yetu wanaomshinda mama huyu. Ila usisomwe na mwalimu peke yake, wasichana wakiinamisha vichwa. Binti na asimame ausome kwa sauti, kisha aulizwe: lipi walikubali, lipi walikataa, na kwa sababu gani? Wavulana nao wasikilize jibu lake mpaka mwisho, wasimcheke. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na binti aliyezoea kujibu mbele ya darasa hataogopa kusema barazani, wala hatadanganywa hesabu sokoni.