Weupe wa Enameli na Saa Kumi na Mbili Iliyokatwa

Uso ninaousoma hapa ni wa saa ya mfukoni iliyofunguliwa mezani kwa fundi mmoja wa Likoni, upande wa kutokea feri. Ni mweupe, tarakimu zake ni za Kirumi, nyeusi, isipokuwa XII ambayo ni nyekundu. Chini yake kuna duara dogo la sekunde. Jina la kiwanda halikuandikwa juu, nami sikuomba mashine ifunguliwe nilitafute. Nyuso za namna hii zilitengenezwa kwa wingi Uswisi na kwingineko Ulaya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na huu nilitaka kuutazama kwa kile kinachoonekana juu yake.

Weupe wake umezaliwa motoni. Duara jembamba la shaba nyekundu hunyunyiziwa unga wa kioo uliotiwa oksidi ya bati ili kisipenywe na macho, kisha huingizwa tanurini kwenye joto linalokaribia nyuzi 800. Unga huyeyuka na kuwa ngozi moja. Hutolewa, hunyunyiziwa tena, hurudishwa. Mgongo nao huvishwa kioo, kwa sababu shaba na kioo havisinyai kwa kipimo kimoja vinapopoa, na uso uliovishwa upande mmoja tu ungepinda au kupasuka. Kwa hiyo anayeishika saa haoni nusu ya kazi: kuna uso wa pili, unaotazama mashine, uliopo ili huu wa mbele ukae sawa.

Inamisha saa kuelekea mlangoni uone tofauti. Rangi ya kupaka hurudisha mwanga pale pale ulipogonga. Enameli huuacha uzame kidogo kwanza, na ndiyo maana tarakimu zinaonekana kuelea juu ya weupe badala ya kulala ndani yake. Tena uso wenyewe si bapa. Kandokando ya tundu la katikati, panapopita mhimili wa mishale, kioo kimeinuka kidogo na kujiviringa ukingoni. Taswira ya fremu ya mlango ikifika hapo, hupinda. Anayetaka kujua kama saa anayouziwa ina enameli kweli aangalie tundu hilo. Rangi ya kupaka huishia kwenye tundu kwa ukingo mkavu, mwembamba. Kioo huishia kwa unene.

Watu wa bara ya Mombasa wanakijua kitu hiki vizuri bila kukihusisha na saa. Vikombe na sahani nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, vya kunywea chai na kulia wali, ni kazi ya aina hiyo hiyo: kioo kilichoyeyushwa juu ya metali, na kobalti ndiyo iliyotoa ule ubuluu. Kikombe kikianguka, kioo kinabanduka na chuma cheusi kinachungulia. Uso wa saa ukipigwa, kinachochungulia ni shaba.

Hapa pwani tofauti ya enameli na rangi ya kupaka ina uzito. Hewa ya Likoni ina chumvi na unyevu, na huingia hata kwenye saa iliyofungwa vizuri. Nyuso za shaba zilizopakwa fedha na vanishi huanza kwa vidoa vya hudhurungi ukingoni, kisha vanishi inavimba, kisha jina la kiwanda linamomonyoka herufi baada ya herufi. Enameli haijui habari hiyo. Adui yake ni sakafu ya saruji na mkono mzito. Fundi aliponiona nimeushika uso kwa vidole viwili alinyoosha mkono. “Mwanangu, usiukandamize, hii ni kioo.” Alinionyesha ufa mwembamba uliotoka katikati ukaelekea VIII. Mgongoni mwa uso kuna miguu midogo ya shaba inayobanwa kwa skrubu, na aliyewahi kuzikaza skrubu hizo kupita kiasi ndiye aliyeuleta. Ufa ulikuwa mweusi kwa uchafu. Enameli inaweza kuoshwa kwa maji na sabuni laini, na ufa ukaoshwa hufifia hadi karibu usionekane. Thubutu kuosha hivyo uso wa kupaka, utaondoka na maandishi yake.

Rangi nyingine nitazipitia haraka. Nyeusi ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila kitundu kidogo kilichoachwa na hewa tanurini huonekana. Buluu inayopenyeza mwanga, iliyomwagwa juu ya fedha iliyochongwa mistari, ni uzuri mtupu: mistari iko chini, rangi iko juu, na ukiigeuza saa mwanga unatembea kati yake. Naipenda, ila naona inamwita mtu aitazame kuliko aisome. Weupe unatumika.

Na kusoma kwetu kuna utaratibu wake. Mshale mfupi ukiwa juu ya VII tunasema saa moja. XII ni saa sita, VI ni saa kumi na mbili. Tangu utotoni jicho limezoea mkao wa mshale, na tarakimu iliyo chini yake haisomwi. Kwa anayesoma hivi tarakimu za Kirumi zimebaki kuwa mdundo wa wino kuzunguka ukingo, na zinafaa kuhukumiwa hivyo. Mchoraji ameandika nne kwa vijiti vinne, IIII, wala hakuandika IV, na weusi wake unalingana na VIII iliyo upande wa pili. Uamuzi huo ni wa jicho, na nauunga mkono. Nje ya tarakimu kuna mistari miwili ya duara yenye vijiti vya dakika kati yake, kama reli na mataruma. Kwa anayengoja gari moshi, duara hilo la dakika ndilo sehemu ya uso yenye manufaa zaidi.

Ila sehemu iliyonishika ni ya chini. Duara la sekunde halikuchorwa juu ya uso. Uso mkubwa umetobolewa, na kipande kingine cha enameli, kilichochomwa peke yake, kimeunganishwa kwa nyuma na kukaa chini kidogo. Kwa hiyo kuna ngazi, na ngazi hiyo ina kivuli cha kweli kinachohama mwanga ukihama. Hakuna mahali pengine kwenye uso huu palipofanyiwa kazi nzito kama hapa. Na ili duara hilo lipate nafasi, VI imeondolewa. Zimebaki ncha mbili tu za wino juu ya ukingo.

Kwa mchoraji wa Ulaya hiyo ilikuwa tarakimu ya kutolewa bila majuto, kwa kuwa siku yake hugeuka juu, kwenye XII, na ndiyo sababu wekundu uliwekwa huko. Siku ya huku hugeuka chini. Mombasa jua huzama baada ya saa kumi na mbili na kabla ya saa moja, mwaka mzima, na Magharibi ikiadhiniwa Kisauni mshale mfupi ndio kwanza umeipita nafasi ya VI. Saa ambayo mtaa mzima unaingojea imepewa kipande chake cha kioo, kina chake na kivuli chake, lakini haina jina. Mchoraji hakulikusudia hilo. Uso unalisema hata hivyo, na mhakiki anayesoma kutoka huku ana haki ya kulisoma.

Mpangilio huu wa weupe na wekundu juu ulisafiri mbali. Laurel ya mwaka 1913, saa ya mkono ya kwanza kutengenezwa Japani, katika kiwanda kilichokuja kujulikana kama Seiko, ilikuwa na uso wa enameli mweupe na 12 nyekundu juu. Hadi leo Seiko hutoa saa za enameli chini ya jina la Presage, na weupe wake ni wa hali ya juu. Kinachonisikitisha ni saa kuukuu zinazopakwa rangi upya India na kuuzwa kwa chungwa na kijani cha kung'aa: uso uliokuwa na historia hufutwa, na umaliziaji mpya hauna kina hata kidogo.

Ningependa mtengenezaji mmoja aujaribu uso huu kwa mpangilio wa pwani. Weupe ubaki, ngazi ya sekunde ibaki, ila duara lihamishiwe kwenye IX, na VI iandikwe nzima, kwa nyekundu. Nyekundu ya enameli huungua na kuwa hudhurungi moto ukizidi, kwa hiyo ichomwe mwisho, kwa joto dogo, baada ya tarakimu nyeusi kukaa.